Picha ina tarehe ya jana, kwaiyo ni ya jana?

SWALI: Habari mtaalam. Kwenye grupu letu la familia mjomba katuma picha ya barabara imejaa maji, magari yanaelea, anasema ni mafuriko ya jana. Mi nikaingia kwenye maelezo ya picha nikakuta tarehe ya jana kweli, na jina la faili lina tarehe hiyohiyo. Hiyo si inatosha? Na kama ni feki namwambiaje, maana ndo mkubwa wetu pale.

JIBU: Haitoshi ndugu yangu. Angalia hilo jina la faili vizuri, kwenye simu za Android linakuja hivi: IMG-20240512-WA0007. Hizo namba nane ni mwaka, mwezi na siku picha ilipotua kwenye simu yako, WA ni WhatsApp yenyewe, zile nne za mwisho ni hesabu tu ya mafaili. Mtu akikutumia leo picha iliyopigwa 2010 itasoma leo. Ile tarehe halisi ya kupigwa, aina ya kamera, sijui mahali, vyote vinang'olewa WhatsApp inapoibana picha ili isafiri nyepesi. Ikitumwa kama dokumenti vinaweza kubaki, ila navyo vinaharirika, na kuna watu saa ya kamera yao haijawahi kuwa sawa tangu wainunue.

Kwaiyo usitafute ilipigwa lini, tafuta ilionekana lini mara ya kwanza. Ipeleke Google Lens alafu TinEye, hizi ni za kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, na hii ya pili unaweza kuipanga ianze na nakala ya zamani zaidi, mimi ndo napoanzia kila siku kazini. Ukipata nakala moja tu ya miaka iliyopita kesi imeisha, hayawezi kuwa mafuriko ya jana. Ila fungua ukurasa uione picha kwa macho yako! Niliwahi kuita picha ya kweli feki kwa sababu matokeo yalionyesha ukurasa wa miaka mitatu nyuma, kumbe habari ndo ilikuwa ya zamani, picha ilikuwa pembeni kwenye zile "habari mpya" zinazobadilika kila siku. Niliona aibu sana. Isipopatikana, kata kipande, bakiza jengo au bango tu, utafute tena. Na cheki maandishi kwenye mabango na namba za magari, yakisomeka kinyume ujue mtu kaigeuza kama kwenye kioo ili isikamatwe, we igeuze irudi kawaida ndo uitafute. Video ni hivyohivyo, piga skrinshoti sehemu mbili tatu.

Mafuriko yana picha sugu kweli. Kuna ile ya papa anaogelea barabarani pembeni ya gari, 2011 wakati wa kimbunga Irene ikasambazwa kuwa ni Puerto Rico, 2017 kimbunga Harvey kikapiga ikarudi tena kuwa ni Houston. Papa mwenyewe alikatwa kwenye picha ya mpigapicha Thomas Peschak iliyotoka 2005, anaifuata kayaki, kale kamtumbwi kembamba, kwenye bahari ya Afrika Kusini. Hajawahi kukanyaga lami yule.

Ukikosa kabisa usikimbilie kusema ni ya kweli, inaweza kuwa mpya au imetengenezwa na akili bandia. Hapo tafuta picha za watu wengine. Barabara nzima ikijaa maji haipigwi picha na mtu mmoja kutoka upande mmoja, lazima kuna wa ghorofani, wa ndani ya gari, wa ng'ambo.

Sasa mjomba. Usimsahihishe kwenye grupu, wote wanaangalia, atatetea ile picha mpaka kesho. Mfuate inboksi. Na kabla hujaandika cheki juu ya picha, kukiwa na mishale miwili maana yake imeshafowadiwa mara tano au zaidi tangu kwa aliyeituma mwanzo hadi kufika hapo, hiyo itakusaidia sana: "Shikamoo mjomba. Ile picha ya mafuriko naona na wewe uliletewa tu, nimeikuta hapa ni ya zamani," alafu mbandikie linki, nyamaza. Ila usichelewe, mjomba kuifuta picha kwa wote WhatsApp kunaruhusiwa siku mbili na masaa kadhaa tu, zikipita hizo itabidi aandike mwenyewe kwenye grupu kwamba ile picha haikuwa ya jana, na mjomba wako unamjua wewe.