Michezo minne, jukwaa moja: kwa mnaoandaa msimu wa maigizo wa uzamili

Kama unasoma shahada ya uzamili ya sanaa za maonyesho, siku moja utaambiwa uongoze mchezo wako, na wenzako nao waongoze yao, yote ndani ya wiki mbili na katika ukumbi uleule. Nimepita hapo nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na tangu hapo nimekuwa nikiitwa kusimamia jukwaa misimu ya wengine. Ninachowaambia kwanza huwa hakiwafurahishi: kabla hamjaongelea maana ya michezo yenu, kaeni mgawane waigizaji, taa na saa za ukumbi.

Kawaida huwa kinyume. Kila mwongozaji anajifungia na andiko lake, halafu onyesho likikaribia inagundulika kwamba yule kijana mwenye sauti nzito amekubali kucheza kwa watu watatu. Naye ni wa shahada ya kwanza, ana majaribio yake ya darasani. Wekeaneni sharti mapema: hakuna anayecheza zaidi ya michezo miwili, na akiwa mhusika mkuu kwenye mmoja, kwenye wa pili apewe sehemu ndogo.

Michezo nayo ichaguliwe kwa pamoja. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) ni ya umati. Ukitaka kuonyesha vita ya Maji Maji kwa watu wanne, utahitaji ubunifu ambao wengi wetu hatuna. Basi mchezo wa jirani uwe wa watu wachache. *Mashetani* (1971) imebebwa zaidi na vijana wawili, Juma na Kitaru, na *Ngao ya Jadi* (1976) inaweza kusimama kwa msimuliaji mmoja. Ila usidhani mmoja ni nafuu. Huyo hana pa kujificha, na asiyejua kuupumulia ushairi atawalaza watu. Mwingine akichagua kazi ya Penina Muhando kama *Lina Ubani* (1984), yenye usimulizi wa hadithi ndani yake, na akataka kuongeza ngoma, aulizwe hapohapo atafanyia wapi mazoezi. Ngoma ikilia chumba cha pili, hakuna anayeweza kunong'ona kilio cha mapenzi chumba cha kwanza.

Kitabu kuwepo maktaba si ruhusa ya kukicheza. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwandikieni yeye au mchapishaji mapema, maana barua hizi hukawia kujibiwa. Kama mtauzia umma tiketi, ulizeni pia kuhusu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Watu wakisikia jina lake hufikiria sinema tu, kumbe na jukwaa limo.

Sasa taa, ambazo ndizo zinazovunja urafiki. Msikubali kila mwongozaji apande ngazi kuhamisha taa usiku wa mchezo wake. Fungeni mpangilio mmoja unaoangaza jukwaa lote vizuri, kushoto, kati na kulia, kisha kila mmoja apewe taa mbili za kuelekeza anakotaka, na zisiguswe na mwingine. Atakayelalamika kwamba mbili hazimtoshi, mwacheni alalamike. Nimeona mchezo wa taa mbili ukiwatoa watu machozi.

Sakafuni kila mchezo uwe na rangi yake ya tepu ya kuwekea alama pa kusimama. Zijaribuni chini ya taa zenyewe, msiridhike na mwanga wa mchana. Tepu nyekundu chini ya taa ya bluu inaonekana nyeusi, na kama sakafu yenu imepakwa rangi nyeusi, imepotea. Mwigizaji atafuata alama ya jirani, asimame hatua mbili pembeni, magoti yake yanawaka na uso uko gizani. Watazamaji watadhani ni falsafa ya mwongozaji.

Usiku wa michezo miwili, kinachohitaji mazoezi kuliko mnavyofikiri ni kule kubadilisha jukwaa. Shikeni saa. Kila mtu ajue anabeba nini na anatokea mlango gani. Mimi napenda kundi zima litumie vifaa vilevile: masanduku ya mbao, benchi mbili, vigoda, mkeka. Sanduku la mchezo wa kwanza likipinduliwa linakuwa kaburi la wa pili, na mafundi seremala wanapumzika.

Umeme utakatika. Fanyeni angalau zoezi moja kamili mkiwa na tochi tu na bila kipaza sauti, mwone nani anasikika safu ya nyuma. Kama ukumbi una paa la bati, msipange msimu kati ya Machi na Mei. Mvua ya masika ikianza kumwagika juu ya bati, hakuna diaframu, ule msuli wa pumzi chini ya mapafu, ya kushindana nayo. Anzeni saa 1 usiku, watu wameshaswali magharibi, na mmalize mapema wapate daladala. Nimeshaona nusu ya ukumbi ikiondoka kabla ya tukio la mwisho, na mchezo ulikuwa mzuri tu.

Mjadala na watazamaji baada ya onyesho ufanyeni, lakini msiugeuze utetezi. Anayesema hakuelewa mwisho, muulize aliona nini, uandike alivyosema. Ripoti ya mradi itakudai ueleze kwa nini uliamua hivi na si vile, na miezi miwili baadaye hutakumbuka. Daftari la msimamizi wa jukwaa, lenye saa za kuanza, makosa ya taa na sehemu watu walipocheka, litakufaa kuliko picha zote za simu. Kalichukueni nakala usiku uleule wa kufunga, kabla halijaingia kwenye begi la mtu.