Maswali ya Wasomaji: Nukta Iliyosahaulika na Flashi Isiyo na Mwenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, karakana yetu ya Vingunguti, Dar es Salaam, ina mashine mbili za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, za kuchonga chuma. Moja ni mpya kiasi, na nyingine tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, umri wake unakaribia miaka 30. Programu iliyochonga vizuri sahani ya pampu kwenye mashine mpya niliihamishia kwenye ile kuukuu bila kubadilisha hata herufi moja. Kisu kilishuka salama, kikasogea kiasi cha unene wa karatasi, kisha mashine ikaendelea na mstari uliofuata kana kwamba kazi imekwisha. Je, mashine ni mbovu? Nilifundishwa kwamba lugha ya mashine hizi ni moja duniani kote.

JIBU: Ndugu fundi, mashine yako ni nzima. Jibu limo katika mistari miwili uliyotuandikia mwishoni mwa barua yako:

G21 G90 G54
G01 X100 F200

Mstari wa kwanza unaiambia mashine kwamba vipimo ni vya milimita, kwamba vinahesabiwa kutoka sifuri moja isiyohama, na kwamba sifuri hiyo ni ile uliyoipima na kuihifadhi kwenye nafasi ya G54. Mstari wa pili unaamuru kisu kikate kwa mstari ulionyooka hadi X100, yaani hadi 100 kwenye mhimili wa X. Kosa liko kwenye nukta ambayo haipo. Vidhibiti vingi vya zamani, yaani kompyuta zinazoendesha mashine, husoma namba isiyo na nukta ya desimali kwa kuhesabu kipimo kidogo kabisa ambacho mashine inakitambua, nacho kwa kawaida ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo X100 kwa mashine yako kuukuu ni milimita 0.1, yaani ule unene wa karatasi uliouona kwa macho yako. Ile mpya imewekwa isome namba kama kikokotoo kinavyosoma, ndiyo maana ilikuelewa.

Andika X100. na nukta yake, hata kama hakuna tarakimu inayoifuata, na mashine zote mbili zitakwenda mahali pamoja. Najua utashawishika kubadilisha mpangilio wa mashine kuukuu ili ifanane na mwenzake, na kidhibiti chako huenda kikakuruhusu. Nakusihi usifanye hivyo kabla ya kupitia kila programu iliyomo ndani yake, kwa sababu Z-500 ambayo aliyeiandika alikusudia iwe nusu milimita itageuka kuwa amri ya kushuka milimita 500, na hapo kisu kitakutana na jiliwa kabla hujafika kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha mashine.

Kuhusu lugha kuwa moja, ulichofundishwa kina ukweli wa nusu. Kanuni za lugha hiyo zipo: toleo la RS-274-D lilipitishwa Marekani mwaka 1980, na shirika la viwango la kimataifa likatoa ISO 6983 mwaka 1982. Hata hivyo, kanuni hizo ziliacha namba nyingi za amri bila kazi maalumu, na kila mtengenezaji akazijaza alivyoona inafaa. Mfano ulio karibu nawe ni hiyo hiyo G90. Kwenye mashine ya kuchonga ina maana ya vipimo kutoka sifuri moja, lakini kwenye mashine nyingi za kukereza zenye kidhibiti cha kampuni ya Fanuc huanzisha mfululizo mzima wa hatua za kukereza kipenyo, na vipimo vya kuongezea, yaani vinavyohesabiwa kutoka pale kisu kilipo, huandikwa kwa U na W. Nimeshuhudia mafundi hodari wakinaswa hapo, kwa kuwa kwenye karatasi programu haionyeshi kosa lolote.

SWALI: Karakana yetu ya Mombasa hutunza programu kwenye flashi moja inayopita mikononi mwa kila mtu. Bushi moja ina faili tatu, nazo zinaitwa BUSHI, BUSHI MPYA na BUSHI SAWA, na juzi tulikata vipande 14 kwa faili isiyo sahihi. Tupangeje?

JIBU: Poleni kwa hasara. Neno «mpya» ni jina baya la faili kwa sababu mwezi ujao halitakuwa kweli. Tumieni namba ya mchoro na namba ya toleo, kisha mrudie maneno hayo hayo ndani ya programu yenyewe, kwenye mstari wa kwanza baada ya namba ya programu, ile inayoanza na herufi O, kwa herufi kubwa na ndani ya mabano: O0412 (BUSHI MCHORO 118 TOLEO 3). Mashine huyaruka maneno yaliyo ndani ya mabano, lakini fundi huyaona kwenye skrini kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Hilo ni muhimu kwa kuwa vidhibiti vingi vya zamani havilijui jina la faili kabisa. Vinajua O na tarakimu nne tu, na faili mbili zenye O0001 zitagombana, au ya pili itaifuta ya kwanza ikiwa mashine imewekwa hivyo. Programu za namba za 9000 msiziguse, kwani mara nyingi ndizo zinazoendesha ubadilishaji wa visu.

Flashi iwe ya kubebea tu. Nakala halisi ikae kwenye kompyuta moja, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuibadilisha. Hata hivyo, kinachowaumiza zaidi, nadhani, ni safari ya kurudi. Fundi anapunguza mwendo wa kisu palepale mashineni kwa sababu chuma kinatetemeka, kazi inatoka safi, na badiliko hilo linabaki kwenye kumbukumbu ya mashine peke yake. Baada ya miezi miwili, faili ya kompyuta inaletwa tena na mtetemeko unarudi nayo. Kipande cha kwanza kikishapimwa na kukubaliwa, programu iliyokikata itolewe mashineni na ipewe namba ya toleo jipya siku hiyo hiyo. Mkumbuke pia kwamba kumbukumbu ya mashine nyingi kuukuu hushikiliwa na betri, na betri hiyo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa; ukiizima kwanza unaweza kupoteza programu pamoja na mipangilio yote.

SWALI: Kitabu cha mashine ya chuo chetu kinasema kumbukumbu yake ni mita 80. Mita za nini? (Mwanafunzi wa ufundi, Arusha)

JIBU: Ni mita za utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, ambao zamani ndio uliobeba programu. Inchi moja ya utepe ilichukua herufi 10, kwa hiyo mita 80 ni herufi zipatazo 31,500. Programu ya kalibu yenye mikunjo mingi inaweza kufikia herufi milioni kadhaa, ndiyo maana kompyuta huilisha mashine kama hiyo kidogo kidogo kwa waya wakati kisu kinakata. Hakikisheni pande zote mbili za waya zimewekewa kasi ile ile, na kwamba kompyuta inatii ishara ya kusubiri inayotumwa na mashine iliyojaa. Isipotii, mistari hupotea katikati, na kisu kitakwenda moja kwa moja hadi mstari unaofuata uliosalimika.