Dari ya jipsamu imepasuka kwenye maungio: maswali yenu

Fundi, sebule yangu huku mtaa wa Utawala, Nairobi, ina nyufa zilizonyooka darini. Zimejazwa filla, ile lipu laini ya kuziba nyufa, mara mbili na zimerudi. Nifanyeje?

Dada, mwambie fundi aache kujaza. Ufa ulionyooka hivyo umefuata ungio, maana yake bodi mbili zinasogea, na filla pekee haina nguvu ya kuzishika. Bonyeza dari kwa kiganja kando ya ufa. Ikicheza, skrubu ni chache au zimelegea. Kwenye dari nataka skrubu kila sentimita 20 hivi, na chaneli za chuma au mbao zinazobeba bodi zisiachane zaidi ya sentimita 40. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu bila kutoboa karatasi ya bodi. Karatasi ikishachanika, skrubu hiyo haishiki kitu, ongeza nyingine kando yake.

Bodi zikitulia, kwangua filla yote ya zamani. Paka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la filla mpya, laza tepu ya karatasi filla ikiwa bado mbichi, uikandamize tepu kwa mwiko hadi hewa yote itoke. Ikauke. Mkono wa pili uwe mpana kuliko wa kwanza, wa tatu upite wa pili, kufikia sentimita 30 hivi. Ndipo msasa, kisha rangi.

Kuna ubaya gani kutumia tepu ya nyavu? Fundi anasema ni rahisi kubandika.

Ni rahisi kweli, lakini ya karatasi hustahimili mvutano vizuri zaidi. Ukiamua nyavu, mkono wa kwanza uwe wa unga wa jipsamu unaogandishwa kwa maji, usiwe filla ya ndoo inayokauka kwa hewa. Na unga ukishaanza kuganda kwenye beseni, utupwe! Nimeona mafundi wakiuongezea maji na kuukoroga upya. Mchanganyiko huo hauna nguvu tena, na mwenye nyumba ndiye hulipia.

Ninajenga Rongai. Nitumie mbao za saiprasi au chaneli za chuma?

Chaneli, kama mfuko unaruhusu. Saiprasi nyingi huuzwa ikiwa mbichi. Ikikaukia juu ya dari inajikunja na kuvuta bodi. Ukichagua mbao, nunua mapema, uzipange kivulini hewa ipite katikati, uziache zikauke kabisa. Vyovyote vile, bodi zilazwe kukatiza chaneli, na ncha zake zipishane, zisikutane zote kwenye mstari mmoja. Ncha zilizokatwa hazina ule mteremko wa kiwandani wa kuficha tepu, kwa hiyo ndizo huonekana kwanza.

Fundi anataka kumaliza maungio na rangi kwa siku moja. Nikubali?

Hapana. Julai hii na baridi yake, filla ya ndoo inataka siku nzima kati ya mkono na mkono, wakati mwingine zaidi. Mpangie kazi nyingine akisubiri.

Ufa wangu uko pale dari inapokutana na ukuta.

Huo ni mwepesi zaidi. Ukuta wa mawe na dari havisogei pamoja, hivyo filla ngumu lazima ipasuke hapo. Kwangua, upige silanti ya akriliki inayonyumbulika na kukubali rangi. Ile ya silikoni ya bafuni iache, rangi haishiki juu yake.