Fundi Anajibu: Kutoka Kambini Hadi Ukutani

Nimetumikia Jeshi la Marekani miaka minne, sasa nimetoka. Nina miaka 33 na kadi ya ukaazi wa kudumu. Mdogo wangu ana miaka 19, kamaliza shule juzi. Tunasikia kuna mafunzo ya kukarabati majengo ya kihistoria ambayo mtu hujifunza akiwa kazini. Tunaingia wote? Na ajira je?
*Msomaji, Ohio*

Wote mnaingia, ila wewe muda unakubana. Sheria ya Public Land Corps (vikosi vya vijana wanaofanya kazi kwenye ardhi ya umma), inayosimamia mengi ya mafunzo haya, inapokea vijana wa miaka 16 hadi 30. Kwa aliyetoka jeshini mpaka ni 35. Raia na wakaazi wa kudumu wanakubaliwa sawa. Mlango mkubwa ni kituo cha mafunzo cha Idara ya Hifadhi za Taifa, kilichoanzishwa 1977 na sasa kiko Frederick, Maryland. Huko mwanagenzi hushika uashi au useremala chini ya fundi mzoefu. Mwingine ni HOPE Crew, vikosi vya vijana vya shirika la National Trust for Historic Preservation, iliyoanza 2014. Miradi yake mingi ni mifupi.

Kuhusu ajira, shikeni namba mbili: 640 na 120. Mwenye saa 640 za kazi iliyoridhisha, angalau 120 kati ya hizo zikiwa za miradi ya Public Land Corps, anapata sifa ya kuajiriwa na serikali kuu bila ushindani wa wazi, na sifa hiyo hudumu miaka 2. Saa 640 ni wiki 16 za saa 40. Aliyemaliza mradi wa wiki 10 ana saa 400 tu, na hapo wengi ndipo wanapokwama. Daftari la saa lisainiwe kila wiki, msisubiri mradi uishe, kwani wasimamizi huhamishwa. Na wewe mwenye kadi ya ukaazi: mafunzo utapata, lakini nafasi nyingi za kudumu serikalini zinataka uraia. Anza maombi yako ya uraia sasa, sambamba na mafunzo.

Kama una mafao ya elimu ya GI Bill ya baada ya 9/11, uliza kabla ya kusaini: je, huu ni uanagenzi uliopitishwa na wakala wa jimbo wa kuidhinisha mafunzo ya askari wastaafu? Ukiwa umepitishwa, juu ya mshahara unalipwa posho ya nyumba: asilimia 100 kwa miezi 6 ya kwanza, kisha 80, 60 na 40 kwa kila miezi 6 inayofuata, na baada ya hapo 20. Kushuka huko ni makusudi, kwa kuwa mshahara wako unatarajiwa kupanda. Usipopanda, una sababu ya kumuuliza mwajiri. Programu ambayo haijapitishwa haikupi hata senti ya mafao hayo, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kikosi chetu kilijaza upya viungo vya ukuta wa matofali wa miaka ya 1850. Tulitumia mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) ya mfuko, ya kuongeza maji tu. Majira ya baridi mawili yamepita. Mota iko imara kabisa, lakini nyuso za matofali zinabanduka. Matofali yalikuwa mabovu?
*Kijana mwanagenzi, Pennsylvania*

Matofali hayana kosa. Mota nzima kando ya tofali linalomenyeka ni dalili kwamba mota ni ngumu kuliko tofali. Saruji ya Portland, iliyomo kwenye mota yenu ya mfuko, ilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1870, kwa hiyo ukuta wenu haukuijua kabisa. Ulijengwa kwa chokaa na mchanga. Maji yanayoingia kwenye ukuta wa namna hiyo hutoka kupitia viungo, kwa sababu chokaa hupumua. Mkiziba viungo kwa saruji, maji yanatafuta njia kupitia tofali. Yakiganda humo, au chumvi ikijikusanya nyuma ya uso wake, uso unaruka.

Someni mfuko mliotumia. Ukiandikwa S (herufi ni daraja la ugumu wa mota), mota hiyo hufikia takribani psi 1,800 (ratili kwa inchi ya mraba) ikipimwa maabara. N ni 750. O ni 350. O huchanganywa saruji 1, chokaa 2, mchanga 9, kwa ujazo. Kwa tofali laini la umri huo hata O inaweza kuzidi. Hapo tumieni chokaa na mchanga tu, 1 kwa 2.5 au 3. Pimeni kwa ndoo. Koleo la mchanga mbichi na la mchanga mkavu havilingani, na hiyo ndiyo sababu ukuta mmoja hutoka na rangi tatu.

Mchanga wenyewe mnaujua hivi: chukueni kipande cha mota ya zamani kutoka ndani, mahali pasiponyeshewa, mkivunjevunje, kisha myeyushe chokaa kwa asidi iliyozimuliwa (miwani na glavu lazima). Kinachobaki ndicho mchanga wa kutafuta, kwa rangi na kwa ukubwa wa punje.

Kina cha kukwangua ni mara 2 hadi 2.5 ya upana wa kiungo. Kiungo cha inchi ⅜ kinataka inchi ¾ hadi karibu 1. Mota mpya ikipakwa juujuu hudondoka vipande vizima. Viungo vya wima ni vya patasi na nyundo peke yake, kwani diski ya grainda lazima ikate tofali la juu au la chini. Safisheni vumbi, lowesheni tofali mpaka liwe na unyevu bila maji kusimama, kisha shindilieni tabaka za inchi ¼. Tabaka linalofuata lisubiri hadi lililotangulia libaki na alama ya kidole gumba bila kubonyea. Halafu funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Chokaa hugumu kwa kunyonya kaboni dioksaidi polepole na inahitaji unyevu; ikikauka haraka inageuka unga. Baridi ya kugandisha ikikaribia, acheni kazi mpaka msimu ubadilike.

Vumbi la mota lina silika, inayoharibu mapafu, na kiwango cha juu kisheria ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa zamu ya saa 8. Grainda bila kifuniko chenye mashine ya kufyonza vumbi isiwashwe kabisa, na barakoa ya kuchuja ivaliwe hata kwa kazi ya nusu saa.

Sasa mfanye nini? Msikimbilie kukwangua ukuta mzima. Jaribuni mita moja ya mraba. Saruji ikitoka na kingo za tofali, iacheni palipo salama, mshughulikie tu sehemu zinazobanduka. Angalieni pia mifereji ya paa, na msipake dawa ya kuzuia maji: itayafungia ndani.

Tutasafisha mawe ya marumaru kwenye makaburi ya wanajeshi. Klorini ya kufulia inafaa? Inang'arisha haraka.
*Kiongozi wa vijana, Virginia*

Haifai. Inaacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi hiyo inapotengeneza fuwele inavunja punje za marumaru. Asidi, siki ikiwemo, inayeyusha jiwe lenyewe. Brashi ya waya na mashine ya maji ya presha navyo vibaki garini.

Kwanza kibali cha msimamizi. Kisha gongeni jiwe taratibu kwa kidole: likilia tupu au likitoa unga kama sukari, liacheni. Lililo zima lilowesheni kwa maji mengi, pakeni dawa ya kuua mwani na kuvumwani kama D/2, ngojeni dakika 10 hadi 15, sugueni kwa brashi laini mkianzia chini kwenda juu ili uchafu usichore michirizi, kisha suuzeni. Weusi uliobaki utafifia wenyewe kwa wiki kadhaa, kwa hiyo msirudie kusugua siku hiyohiyo.

Jiwe lililoinama msilinyanyue kwa mikono ya watu wawili. La kawaida la serikali lina inchi 42 kwa 13 kwa 4, na uzito wa ratili 230 hivi.

Goti langu liliharibika jeshini. Ngazi na jukwaa siwezi. Nisahau?
*Askari mstaafu, Georgia*

Usisahau. Ukarabati wa madirisha ya mbao hufanyika mezani: kutoa vioo, kuondoa puti ya zamani, kubadilisha kamba za uzani. Chukulia kila rangi ya kabla ya 1978 kuwa na madini ya risasi mpaka ipimwe. Kwangua ikiwa imeloweshwa, usiichome kwa moto, na nguo za kazi zisifike nyumbani. Jimboni kwako pia kuna Augusta, ambako Veterans Curation Program ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi ilianza 2009: askari wastaafu hulipwa huku wakijifunza kusafisha, kupiga picha na kuorodhesha mabaki ya kiakiolojia. Wanapoomba sifa za kompyuta, usiogope. Hizo hufundishwa humohumo.