Umegongwa na una bima ndogo? Usisaini chochote kabla fundi hajafungua gari

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, msimu wa korosho ukianza malori yanajaa barabarani, Masasi, Newala, Tandahimba, yote yanashuka bandarini, na wengi wetu gari zetu zina bima ndogo tu. Nasikia sana watu wanasema ukiwa na bima ndogo ukigongwa imekula kwako. Sio kweli jamani. Bima ndogo yako inamlipa utakayemgonga wewe, lakini mwenzako akikugonga na kosa ni lake, unadai kwenye bima YAKE. Mimi nimedai na nimelipwa.

Nilikuwa natoka Lindi mjini, pale Mnazi Mmoja njia panda ya Masasi lori likaingia barabarani bila kuangalia, likaikamata Noah yangu kona ya mbele upande wa dereva. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah (kama kuna majeruhi, PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kupatia matibabu, habari za gari baadae). Dereva akashuka, "kaka tuyamalize hapa hapa", akanitolea laki mbili. Nikakataa, nikapiga simu trafiki.

Usikubali kabisa hela za barabarani, maana ukishaondoka pale hakuna ramani ya ajali, hakuna ripoti, na kampuni ya bima haitakusikiliza. Wakati unasubiri trafiki piga picha gari zote zikiwa pale pale zilipogongania, piga alama za tairi, leseni ya dereva, na kwa lori angalia vizuri, kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, piga zote mbili. Halafu ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, hapo hapo kwenye simu, weka namba ya gari, utaona kampuni gani imeikatia bima na inaisha lini. Usisubiri dereva akwambie, wengine gari sio yake hata hajui.

Gari ikikaguliwa unapata PF90, fomu ya polisi ya ukaguzi wa gari, sawa, ila kinachochelewesha watu ni ripoti ya mwisho ya polisi inayosema nani mwenye kosa, na kama kesi imeenda mahakamani kampuni itataka nakala ya hukumu. Hivi havikufuati nyumbani. Mjue afande mwenye faili lako, mpitie kwa heshima, usichoke.

Sasa hapa ndo penye hela. Asesa wa kampuni ya bima, yule anayekadiria hasara, anakuja, mara nyingi katokea Dar, anazunguka gari, anapiga picha, anaondoka. Anaandika anachokiona. Mimi nilimwomba fundi afungue boneti na kung'oa bampa mbele yake, na ndo tukakuta rejeta imepasuka na mguu wa mbele umepinda, vitu ambavyo kwa nje huvioni kabisa. Kama asesa ameshaondoka, fundi akikuta kitu kingine simamisha kazi, piga picha, waandikie barua waje tena. Na bei za spea waliniwekea za Kariakoo, kana kwamba spea inajileta yenyewe Mtwara! Nikapeleka profoma ya duka la hapa pamoja na risiti ya mzigo wa basi, wakaongeza. Sio hisani hiyo, ni gharama halali ya kurudisha gari ilivyokuwa.

Mwishoni wanakuletea hati ya kukubali malipo. Ukisaini umemaliza, hudai tena hata shilingi. Ajenti wa hapa mjini atakwambia "saini tu mzee hela itoke haraka", lakini ajenti sio anayelipa wala sio atakayekutengenezea gari. Kaa na fundi, pitieni kitu kimoja kimoja, wakikata uchakavu waulize wamekata kwenye nini na kwa kiasi gani, wajibu kwa maandishi. Mimi nilirudisha ya kwanza bila kusaini, ya pili ikaja na rejeta na mguu ndani.

Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara, nenda na barua, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ndo maana kila karatasi unayopeleka kwenye kampuni uwe na nakala, na wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye hiyo nakala yako kabla hujatoka mlangoni.