Mashudu Si Mbegu

Nimenunua mashudu ya pamba kiwandani, nikayaloweka kwenye maji ya chumvi ili nitoe protini. Iliyotoka ni kiduchu. Nimekosea wapi? (Igoma)

Umekosea kabla hujaingia maabara, na swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Viwandani mbegu hupashwa moto kabla ya kukamuliwa mafuta. Protini iliyopigwa na joto hujikunjua na kugandamana, na gosipoli, sumu ya asili ya pamba, nayo huing'ang'ania lisini, kipande kimojawapo cha protini hiyo. Hapo chumvi haina la kufanya. Mashudu wape ng'ombe. Wewe tafuta mbegu kavu isiyoguswa na moto, toa nyuzi na maganda, usage kidogo kidogo huku ukipumzisha mashine. Ukishika kikombe chake kikawa cha moto, ujue umeshachelewa. Toa mafuta kwa hekseni baridi (kimiminika kinachoyeyusha mafuta na kushika moto upesi), mbali kabisa na jiko, kisha anika unga kivulini penye hewa mpaka harufu iishe. Halafu andika mbegu ni ya aina gani na ilivunwa wapi. Kazi iliyoandikwa "mbegu za sokoni" hakuna atakayeweza kuirudia.

Maji matupu hayatoshi?

Kwa albumini, protini zinazoyeyuka kwenye maji, yanatosha. Kunde na choroko zimejaa globulini, protini zinazotaka chumvi ndipo ziyeyuke. Bila chumvi utazimwaga pamoja na mashapo.

Nimetoa protini ya mlonge kwa maji ya chumvi. Nimeitia kwenye maji ya Mto Mirongo yenye tope, yakatakata. Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa nina bendi (mstari) moja. Si nimemaliza? (Nyegezi)

Bado, mwanangu. Chumvi yenyewe hugandisha udongo! Panga chupa tatu za maji yale yale: moja tia protini, ya pili tia bafa yako tupu (yale maji ya chumvi bila protini) kwa kipimo kile kile, ya tatu usitie kitu. Chupa ya pili ikitakata pia, ulichopima ni chumvi. Rudi ufanye dayalisisi (kuondoa chumvi kwa utando), kisha uanze upya.

Bendi moja nayo isikulaze usingizi. Protini mbili za ukubwa mmoja hukaa mstari mmoja. Endesha jeli mbili, moja yenye merkaptoethanoli (kemikali inayokata vifungo vya salfa) na nyingine bila. Ile ya mlonge ina vipande viwili vilivyofungwa kwa salfa, hivyo ukikata kifungo bendi inashuka. Isiposhuka, jiulize umeshika nini.

Na maji yaliyotakata msiyanywe hivyo hivyo. Tope limezama, vijidudu vingine bado vimo. Chemsheni.

Mbegu za mbarika zimejaa mtaani. Nizifanyie kazi hiyo?

Hapana. Zina risini, na risini inaua. Usizisage.

Umeme ukikatika usiku sampuli yangu inakuwaje?

Vimeng'enya vya mbegu yenyewe vinaila. Gawa sampuli kwenye vichupa vidogo, gandisha siku ile ile, na usiyeyushe kichupa zaidi ya mara moja. Ukiwa na kazi ndefu, pitia soko la samaki la Mwaloni alfajiri ukachukue barafu ya wauza samaki, ujaze kwenye boksi. Inafaa kabisa, ila vichupa vifunge vizuri: barafu ile si safi.