Maswali ya Wasomaji: Siku Nzima Ndani ya Mfereji wa Panama

Katika toleo lililopita tuligusia kwa sentensi chache tu safari za meli za kitalii zinazopita Mfereji wa Panama, na barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba wasomaji walitaka kuelezwa zaidi, hasa namna watu wanavyoishi melini siku hiyo. Tumechagua barua tano. Majina ya waandishi hatukuyachapisha.

Swali: Binti yangu anayeishi Marekani amenikatia tiketi ya meli ya kitalii kutoka Fort Lauderdale, Florida, hadi Los Angeles, nami sijawahi kupanda chombo kikubwa kuliko boti ya kwenda Unguja. Katika ratiba kuna siku moja ya kupita mfereji tu, bila kufika bandari yoyote. Siku hiyo abiria hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Na je, niongeze fedha ili nipate chumba chenye roshani ya kutazamia mfereji? *(Mama wa Tanga)*

Jibu: Shikamoo, mama. Siku hiyo huenda ukatembea melini kuliko siku nyingine yoyote ya safari. Meli za abiria kwa kawaida huweka nafasi ya kupita muda mrefu kabla, kwa hiyo yenu itafika karibu na Colon, upande wa Bahari ya Karibi, alfajiri au mapema asubuhi. Hapo hupanda marubani wa mfereji, yaani wataalamu wa kuongoza meli humo, mafundi wa kamba, na mara nyingi msimulizi ambaye mtamsikia kwenye vipaza sauti karibu mchana kutwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo utaletewa chumbani karatasi yenye saa za kufika kila hatua. Isome, lakini uzichukulie saa hizo kuwa makadirio, kwa sababu mbele yenu na nyuma yenu kuna foleni ya meli za mizigo.

Kama meli yenu si kubwa mno, itapita njia ya zamani iliyofunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, nami nakuombea iwe hivyo. Huko Gatun, kwenye malango ya kwanza upande wa Karibi, meli hupandishwa kwa hatua tatu ndani ya vyumba vya maji vyenye kuta za zege na malango ya chuma, kila chumba kikiwa na urefu wa mita 305 na upana wa mita 33.5. Meli nyingi zilizojengwa kwa kipimo hicho zina upana wa mita 32 na kidogo, hivyo kila ubavu hubakiwa na nafasi ya kama nusu mita tu. Kabla ya kuingia utaona mashua ndogo yenye watu wawili, mmoja akipiga makasia, wakileta kamba ya kwanza hadi ubavuni mwa meli hiyo yenye abiria zaidi ya elfu moja. Kisha vichwa vidogo vya treni ya umeme, ambavyo wenyeji huviita nyumbu, huishika meli kwa nyaya za chuma kutoka kuta zote mbili. Kazi yake kubwa ni kuiweka katikati isijikwaruze. Meli yenyewe hujisogeza kwa injini zake. Malango yakishafungwa nyuma yenu, chumba hujaa kwa muda wa dakika 8 hivi, na meli hupanda polepole kiasi kwamba mtu aliyekaa mezani akinywa chai anaweza asitambue mpaka atazame dirishani.

Kuhusu roshani, usiongeze hata senti. Ukiwa ndani ya chumba cha maji, roshani ya ghorofa za chini hukuonyesha zege lenye ukungu wa kijani, na ile ya juu hukuonyesha upande mmoja tu, wakati mambo yanatokea pande zote mbili. Meli nyingi siku hiyo huwafungulia abiria sehemu ya omo, yaani mbele kabisa ya meli, ambayo kwa kawaida ni ya mabaharia. Nenda huko mapema kwa hatua ya kwanza, maana watu hujaa, na baadhi ya meli hupitisha hapo kahawa na vitumbua vyao. Kwa hatua ya pili, shuka kwenye sitaha ya chini inayozunguka meli, usimame karibu na ukuta uone maji yanavyopanda. Ya tatu itazame nyuma, tezini, kwa sababu kutoka hapo utaiona bahari mliyoiacha ikiwa chini yenu, na meli inayowafuata ikiwa bado iko hatua ya chini. Nguo nyepesi, kofia na chupa ya maji ni lazima, kwani joto la huko lina unyevu kama la Tanga mwezi wa Machi.

Baada ya Gatun meli huwa imefika mita 26 juu ya usawa wa bahari, katika Ziwa Gatun, na hapo mwendo wa kawaida wa melini hurudi: bwawa la kuogelea lina watu, chakula cha mchana kimeandaliwa, na wengi hulala kidogo, jambo ambalo silioni kuwa kosa. Visiwa vyenye msitu mnavyovipita vilikuwa vilele vya vilima kabla ya Mto Chagres kuzuiwa kwa bwawa. Kikubwa kati yavyo, Barro Colorado, ni kituo cha utafiti cha taasisi ya Smithsonian. Ila uamke kabla ya Culebra, mahali ambapo mlima ulikatwa ili maji yapite, kwa maana ngazi za miamba pande zote mbili ndizo ushahidi wa kazi iliyofanywa pale. Kisha mtateremshwa hatua moja Pedro Miguel na mbili Miraflores, na baada ya saa 8 hadi 10 tangu mlipoingia mtapita chini ya Daraja la Amerika, mkiwa Pasifiki.

Swali: Mwaka 1962, nikiwa kijana, nilisafiri kutoka Mombasa hadi London katika meli ya *Uganda* ya kampuni ya British India, tukapita Mfereji wa Suez. Nakumbuka jangwa pande zote mbili na wachuuzi wa Port Said, lakini sikumbuki kupandishwa wala kuteremshwa. Kwa nini Panama meli zipande mlima? *(Mzee wa Mombasa)*

Jibu: Shikamoo, mzee. Kumbukumbu yako ni sahihi, kwa sababu Suez hakuna lango la maji hata moja. Nchi ile ni tambarare, bahari zote mbili ziko karibu usawa mmoja, na mfereji huo, ambao sasa una urefu wa kilomita 193, ulichimbwa ukaachiwa maji ya chumvi. Siku ya melini huko ni tofauti kabisa: meli huingia kwa msafara, moja nyuma ya nyingine, hutembea saa 12 hadi 16, na abiria akishatazama mchanga kwa saa mbili hurudi kwenye kitabu chake au kwenye karata.

Aliyesimamia Suez, Mfaransa Ferdinand de Lesseps, aliufungua mfereji huo mwaka 1869, na mafanikio yake yakampoteza. Kazi ya Panama ilipoanza mwaka 1881 alishikilia kwamba na huko pachimbwe hadi usawa wa bahari. Lakini Panama ina uti wa milima, ina mvua zinazobomoa kingo kila zinapochimbwa, ina Mto Chagres unaofurika kwa saa chache, na wakati ule ilikuwa na homa ya manjano na malaria ambazo hakuna aliyejua kwamba huletwa na mbu. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1889, na watu wanaokadiriwa kufikia 20,000 au zaidi walikuwa wamekufa. Wamarekani walioanza upya mwaka 1904 walipiga vita mbu kwanza, wakiongozwa na daktari William Gorgas, kisha wakakubali hoja ya wahandisi kwamba ni rahisi zaidi kuinua meli kuliko kushusha mlima. Hata hivyo rekodi zao zinataja vifo 5,609, na wengi wa waliokufa walikuwa vibarua weusi kutoka Barbados, Jamaika na visiwa vingine vya Karibi. Wasimulizi wa melini hulipita jambo hili haraka mno kwa maoni yangu, hasa pale Culebra.

Jambo moja zaidi litakufurahisha, mzee, kwa kuwa unapenda mitambo: hakuna pampu inayopandisha meli katika njia ile ya zamani. Maji ya ziwa huteremka yenyewe kupitia mahandaki yaliyo ndani ya kuta, na takriban lita milioni 200 za maji baridi huishia baharini kwa kila meli inayopita. Kwa sababu hiyo, ukame wa mwaka 2023 uliwalazimisha wasimamizi kupunguza idadi ya meli kwa siku.

Swali: Nimepata mkataba wa kuwa mhudumu wa vyumba katika meli ya kitalii, na meli itapita Panama mara kadhaa. Wenzangu walionitangulia wanasema siku ya mfereji ni nyepesi kwa wafanyakazi kwa kuwa meli haifiki bandarini. Je, ni kweli? *(Kijana wa Kisauni)*

Jibu: Hongera, mdogo wangu, lakini wenzako wanakutania. Meli ikiwa bandarini, abiria wengi hushuka na wafanyakazi hupumua. Ikiwa mferejini, hakuna anayeshuka, na wote wana njaa kwa wakati mmoja, yaani pale mlango wa Gatun unapofungwa na omo inapoanza kumwaga watu. Wahudumu wa mikahawa ndio huumia zaidi. Kwako wewe wa vyumba kuna nafuu moja, kwamba abiria hutoka vyumbani kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo ukianza mapema utamaliza sehemu yako kabla ya adhuhuri. Kuna na hasara moja: ile omo iliyofunguliwa kwa abiria, katika meli nyingi ndipo mahali pa wafanyakazi kupumzikia, na siku hiyo hamna pa kukaa.

Mabaharia wa sitaha na wa injini hawana nafuu yoyote. Makundi husimama omo na tezi wakati wote wa malango, nanga zikiwa tayari kuangushwa, na chumba cha injini huwa na watu wa kutosha kujibu kila amri mara moja. Darajani, yaani chumba cha kuongozea meli, napo pana jambo ambalo ni nadra duniani: kwa kawaida rubani wa bandari humshauri tu nahodha, lakini Panama rubani wa mfereji ndiye mwenye amri ya kuongoza meli, na nahodha husimama kando akitazama.

Hata hivyo, haki yako ya kupumzika haisimami kwa sababu ya mfereji. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa sehemu mbili tu, na moja isipungue saa 6. Andika saa zako kama zilivyo, usitie sahihi karatasi iliyojazwa na mtu mwingine. Na kwa kuwa hujaondoka bado, fahamu kwamba mkataba huo huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi.

Swali: Mimi na mume wangu tutasafiri kutoka Karibi kwenda Pasifiki. Meli inapojipinda ndani ya mfereji, tutaijuaje kibla? Na watoto wetu walioko nyumbani Unguja wataweza kutuona? *(Msomaji wa Muscat)*

Jibu: Watu wengi hudhani kwamba meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki huelekea magharibi. Shingo ile ya nchi imejikunja, hivyo meli yenu itaelekea kusini hapo Gatun, na baada ya hapo kwa sehemu kubwa kusini-mashariki. Kutoka Panama, kibla iko kaskazini-mashariki, ikikaribia zaidi mashariki. Kwa hiyo mkitazama inakoelekea meli, kibla itakuwa upande wa kushoto: nyuma kidogo mkiwa katika malango ya Gatun, na mbele kidogo mkiwa Culebra. Dira ya simu huchezacheza karibu na chuma kingi, basi mwelekeo wa meli ni wa kutegemea zaidi. Kuhusu chakula hukuuliza, lakini iandikieni kampuni wiki kadhaa kabla kama mnataka nyama ya halali, kwa sababu melini hakuna duka la kukimbilia.

Watoto wanaweza kuwaona. Wasimamizi wa mfereji wana kamera zinazoonyesha malango moja kwa moja kwenye intaneti, zikiwemo za Gatun na Miraflores. Panama iko nyuma ya Unguja kwa saa 8: mkiwa Gatun saa 1 asubuhi, Unguja ni saa 9 alasiri, mkifika Miraflores saa 9 alasiri, Unguja itakuwa saa 5 usiku, na wadogo watakuwa wamelala. Wapigieni simu mkiwa Gatun, msimame sitaha ya juu kabisa mkiwa na nguo ya rangi kali, kwani kwenye kamera mtu huonekana mdogo sana.

Swali: Nimeona tangazo la safari ya bei nafuu ya siku kumi inayotaja Mfereji wa Panama, lakini meli inaanzia Florida na kurudi Florida. Inawezekanaje? *(Msomaji wa Nairobi)*

Jibu: Hiyo ni safari ya kuingia na kurudi. Meli hupandishwa hadi Ziwa Gatun, hutia nanga, na walionunua ziara hushushwa kwa boti kwenda nchi kavu. Alasiri meli huteremshwa kwa njia ile ile hadi Karibi. Hamtaiona Culebra wala Miraflores mkiwa melini. Meli nyingi kubwa za aina hii hupita njia mpya iliyofunguliwa mwezi Juni 2016, ambako vyumba vya maji vina upana wa mita 55 na meli huongozwa na matagi, yaani meli ndogo za kuvuta na kusukuma, badala ya nyumbu. Si safari mbaya kwa bei hiyo, ila ukuta uko mbali na kamba zile hutaziona. Kabla ya kulipa, muulize wakala kwa maandishi kama meli itatokea Pasifiki, na kama itapita malango ya zamani au mapya.